Mboga za Kiangazi
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mgeni afikaye Dodoma mwezi wa Februari huona nchi imefunikwa na majani, akadhani kwamba watu wa huku hawana haja ya bustani, maana mboga ziko kila mahali: kando ya njia, nyuma ya nyumba, hata katikati ya mtama. Mgeni yuyo huyo akirudi mwezi wa Septemba huona vumbi, na mibuyu isiyo na jani hata moja, akadhani kwamba watu wa huku hawajui kulima mboga. Hukumu zote mbili si za haki. Bustani ya Ugogo iko, ila nusu yake imo katika udongo na nusu yake imo katika mtungi, na mtu asiyefunua mtungi hawezi kuiona.

Nataka kueleza habari za bustani hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka baada ya mtihani wa Novemba, na chanja tulichokijenga nyuma ya jiko kitabaki mikononi mwa wadogo zetu. Pili, maneno mengi yamesemwa bwaloni juu ya mlenda, mengine ya mzaha na mengine ya dharau, na wengi wanaosema hawajui kitu wanachokisema.

Mvua ya kwetu ni moja tu. Huanza mwisho wa Novemba au Desemba, ikakoma Aprili. Kwa mwaka mzima hupimwa kiasi cha milimita 570 hivi, na nyingi huanguka kwa ngurumo katika saa chache, kisha juma zima likapita kavu. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000, tena kwa vipindi viwili. Toka Mei hata Novemba sisi hatupati mvua ya kuhesabika. Basi mtu wa Dodoma ana miezi mitano ya kuchuma na miezi saba ya kula alichokiweka.

Nchi za Ulaya zina taabu ya namna hii, ila adui wao ni baridi na theluji. Majani ya miti yanapoanza kupukutika, watu wa huko huvuna bustani zao upesi, wakakata kabichi na kuitia chumvi ichachuke, ipate kuliwa wakati wa baridi. Wajerumani hufanya hivyo, na Wakorea vilevile. Kwetu majira ya kazi hiyo ni Februari hadi Juni. Hatuna haja ya mapipa wala chumvi nyingi, kwa kuwa upepo mkavu tumepewa bure.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wasilipende. Kila Januari shule inapofunguliwa, kazi yetu ya kwanza ni kufyeka. Majani yamefika magotini, na viranja hugawa mafyekeo na majembe, kila bweni na eneo lake. Kwa siku tatu tunakata na kung'oa, na vyote hutupwa katika shimo la taka. Katika lundo hilo mna mlenda, mchicha wa porini, na majani ya kunde zilizojiotea mwaka uliopita, mboga za kutosha kulisha bwalo zima. Miezi minane baadaye gari hutoka shuleni kwenda sokoni kununua kabichi zilizotoka mbali, zimesinyaa njiani, na bei yake imepanda kwa sababu kila mtu mjini anazitafuta. Mji wenyewe umekua sana tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa wingi mwaka 2016, na walaji wa mboga wameongezeka, lakini mvua haikuongezeka.

Yafaa kwanza nieleze mlenda ni nini. Neno hili si jina la mmea mmoja. Ni jina la mboga zote za porini zenye utelezi, na Wagogo huziita ilende. Mmoja ni wa jamaa ya ufuta, una maua mekundu ya kupauka kama kengele ndogo. Mwingine ni wa jamaa ya juti, ule mmea ambao nyuzi zake husokotwa magunia huko India na Bangladeshi. Kwa hiyo mtu awekaye mlenda katika gunia la juti amewakutanisha ndugu. Misri nako huula huu wa pili, wakauita mulukhiya, na ni chakula cha heshima mezani, kibichi au kikavu. Sijasikia Mmisri akionea haya utelezi wake.

Bibi yangu, mzaa mama, akaaye kijiji kimoja upande wa Mvumi, ndiye aliyenifundisha kuchuma. Kwake mlenda haupandwi, hupaliliwa kwa kuachwa. Akipalilia mtama hung'oa magugu mengine yote, lakini mlenda huuacha hapa mmoja na pale mmoja, nafasi ya hatua mbili, usije ukamnyonya mtama maji. Huchuma asubuhi, umande ukiisha kukauka, wala hachumi mmea uliokwisha kutoa maua mengi. Nilipomwuliza sababu, alinijibu: "Mjukuu wangu, jani la mmea wenye ua limekwisha kuwa gumu, nao una watoto wa kulea. Uache uzae, mwakani utuletee wengine." Ndiyo maana shamba lake halikosi mlenda mwaka wowote, na sisi tunaofyeka kila kitu kabla ya mbegu kuanguka tunaupunguza kila mwaka.

Kuukausha si kazi ngumu, ila yataka uangalifu. Majani mabichi ni maji matupu, karibu sehemu nane au tisa katika kumi. Kazi yote ni kuyatoa maji hayo upesi kabla ukungu haujaingia, lakini si kwa haraka ya kuyaunguza. Zamani mahali pa kazi hii palikuwa juu ya tembe. Wasomaji wageni wa Ugogo wajue kwamba tembe ni nyumba ndefu ya miti na udongo, na paa lake ni bapa, limekandikwa udongo. Juu yake akina mama walianika mlenda, kunde, mtama na vipande vya maboga, mbali na mbuzi na kuku. Leo nyumba nyingi zimeezekwa mabati. Bati ni zuri kwa kukinga mvua, sikatai, lakini limeinama, nalo saa sita mchana huwaka kama kikaango, hata jani hugeuka la kahawia kabla halijakauka ndani. Mimi naamini kwamba watu wengi wa vijijini wameacha kukausha mboga, si kwa kuwa wamechoka na mlenda, bali kwa kuwa wamepoteza paa la kuanikia.

Ndipo mwaka jana, tukiwa Kidato cha Tatu, sisi sita tukaomba ruhusa kwa mwalimu wa kilimo tujenge chanja. Tulisimamisha nguzo nne, tukatandika fito, juu yake tukaweka wavu wa mbu uliochakaa, baada ya kuufua mara mbili kwa kuwa ulikuwa na dawa, na juu yake tena mkeka safi ili mboga isiuguse wavu. Hatimaye tukaezeka kwa nyasi. Paa hilo la nyasi lilileta ubishi. Wengine walisema jua ndilo likaushalo, kwa nini tulizuie? Mwalimu wa baiolojia alitueleza kwamba jua kali huharibu karotini, ile rangi iliyo katika majani mabichi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini hiyo ndiyo ilindayo macho, hasa ya watoto wadogo. Tukajaribu wenyewe. Majani ya kunde tuliyagawa mafungu mawili: moja tukalianika juani, la pili chini ya paa la nyasi. La juani lilikauka kwa siku moja na nusu, likawa la manjano na hudhurungi. La kivulini lilichukua siku nne, likabaki kijani kibichi, na harufu yake ilikuwa kama ya chai mpya. Tangu siku hiyo ubishi ulikwisha. Lakini msomaji asidhani kwamba kukausha huhifadhi kila kitu: vitamini C nyingi hupotea kwa njia zote mbili, kwa hiyo ni vizuri kula ubuyu, maembe au mapera pamoja na mboga kavu.

Majani ya kunde huchovywa kwanza katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo, kwa muda wa kuhesabu hadi mia mbili, kisha huchujwa na kutandazwa. Hayo hukauka vizuri zaidi na hayabadiliki rangi upesi. Mlenda hauchemshwi. Huoshwa, hutandazwa mwembamba, hugeuzwa asubuhi na jioni, na usiku huingizwa ndani. Ukivunjika kwa ncha za vidole na kutoa sauti, uko tayari. Ukikunjika tu, mrudishe chanjani. Kisha hutwangwa katika kinu na kuchekechwa hata uwe unga. Ndoo nne za majani yaliyoshindiliwa zilitupa kasoro ya ndoo moja ya unga. Bibi huuweka katika mtungi uliozibwa kwa kitambaa na bamba la mti. Sisi tunatumia ndoo za plastiki zenye mifuniko ya kubana, ambazo zamani zilikuwa za mafuta ya kupikia.

Mlenda haukamiliki bila karanga, na hapa sina budi kusema neno la kutisha kidogo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, na 20 kati yao wakafariki. Sumu ile ilikuwa hasa katika mahindi, lakini ukungu uifanyao hupenda karanga vilevile. Huingia zikikaa na unyevu, zikirundikwa mbichi, au ganda likipasuka. Sumu hii haina harufu ya kuaminika wala haiondoki kwa kuchemshwa. Basi karanga zikaushwe katika maganda yake, juu ya turubai na si chini ya udongo. Zilizosinyaa, zilizotoboka na zenye ukungu zichaguliwe na kutupwa. Asipewe kuku, asipewe mtu. Kwetu kila Jumamosi jioni watu wanne hukaa na ungo wakichagua. Ni kazi ya kuchosha macho. Redio husaidia.

Sasa mapishi. Kiasi hiki chatosha meza moja ya watu kumi. Chemsha lita mbili za maji. Twanga vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa kidogo, uzitie katika maji huku unakoroga, ziache zichemke kwa moto wa kadiri kwa robo saa; usiondoke jikoni, maana karanga hufura na kumwagika bila kuaga. Tia nyanya nne zilizokatwakatwa na chumvi. Nyanya zikiisha kulainika, shika upekecho kwa mikono miwili, na mwenzako anyunyize unga wa mlenda polepole, vijiko vikubwa sita au saba, nawe unapekecha mfululizo usifanye madonge. Dakika tano zatosha. Ukizidisha moto utelezi hukatika, mboga ikawa kama maji ya vumbi.

Wengine hutia magadi ili mboga ilainike na kuteleza zaidi. Kwa majani makavu ya kunde naona magadi kidogo yana faida, lakini kwa unga wa mlenda hayana kazi, tena huzidi kuharibu vitamini chache zilizobaki. Mama mpishi wetu hakubaliani nami katika jambo hili, naye amepika tangu kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo msomaji na achague mwenyewe. Karanga hazina ubishi. Mafuta yake husaidia mwili kuipokea ile karotini, tena wazee walizitia kabla ya mtu yeyote kutaja karotini.

Majani makavu ya kunde hulowekwa katika maji ya vuguvugu nusu saa, huchemshwa hata yalainike, ndipo huungwa kwa karanga na kitunguu. Huliwa na ugali wowote, lakini ugali wa uwele au mtama ndio mwenzake wa haki. Ugali wa sembe hauna ladha ya kupambana na mlenda.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana maji ya bomba yalikatika kwa siku kadhaa, na kabichi sokoni zilikuwa chache. Maharage nayo yalikuwa yamepungua katika stoo. Mama mpishi alimwomba mwalimu wa zamu ruhusa ya kufungua ndoo zetu. Jioni ile kelele ilikuwa kubwa. Kijana mmoja atokaye Kilimanjaro alisimama, akauliza kama shule imeanza kutulisha chakula cha njaa. Mwingine alisema kwamba hakuja sekondari kula kitu alichokikimbia nyumbani, naye ni Mgogo wa hapa hapa, maneno yake ndiyo yaliyoniuma zaidi. Akanyamaza kila mtu. Ndipo mwenzetu wa Shinyanga akasema kwa utaratibu kwamba kwao majani makavu ya kunde huitwa nsansa, na viazi vitamu vilivyokaushwa huitwa michembe, na mama yake humpa afungashe kila anaporudi shule, ila yeye huvila usiku bwenini kwa kuogopa kuchekwa. Watu walicheka, naye akacheka, kisha akavuta bakuli.

Nataka kulijibu lile neno "chakula cha njaa", maana lina historia nzito huku. Wazee wanasimulia njaa waliyoiita Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Katika vita ile kuu ya kwanza, majeshi ya Wajerumani, na kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua zikakosa. Watu wengi sana wakafa. Watu wale hawakufa kwa kukosa mlenda, wala mlenda peke yake usingewaokoa, kwa kuwa mboga bila ugali haishibishi mtu. Njaa ni ghala tupu. Mtungi wenye mlenda ni dalili ya nyumba iliyopata mvua, ikapata mikono ya kuchuma, na mtu wa kufikiri mambo ya Oktoba akiwa katika Februari. Mimi nauita chakula cha watu wenye hesabu.

Jioni ile masufuria yalirudi jikoni matupu. Sisemi kwamba wote waliupenda. Wako waliokula kwa kuwa hapakuwa na kingine. Lakini juma lililofuata wazazi watatu waliokuja kutembelea watoto wao walitaka kuona chanja, na mama mmoja akapima urefu wa nguzo kwa khanga yake.

Kuhusu bustani ya mboga mbichi wakati wa kiangazi nitasema machache, maana maji hayatoshi kwa mengi. Matuta yaliyoinuliwa, kama tunavyoona katika vitabu, hayafai hapa: upepo huyakausha kwa siku moja. Sisi tunachimba kitanda kishuke chini kiasi cha shibiri moja, tunatia samadi ya mbuzi, tunafunika kwa nyasi kavu, na tunamwagilia jioni kwa maji ya kuoshea mchele na mboga, si yale yenye sabuni nyingi. Kwa mimea ya mvua tunachimba mashimo madogo mistari kwa mistari, kwa mfano wa yale yaliyopewa jina la kijiji cha Chololo hapa Dodoma: upana shibiri moja, kina zaidi kidogo, ndani yake majivu ya kufukuza mchwa, samadi na mabua, na udongo unaotolewa hutengenezwa kingo upande wa chini ili maji ya mvua yaingie yakae. Kunde na maboga hustawi sana humo. Walakini hata kitanda kizuri hakitoi mchicha wa kutosha bwalo zima mwezi wa Oktoba. Hutosha wagonjwa wa zahanati na meza moja kwa zamu. Mboga ya wengi ni ile ya ndoo.

Mwaka huu, toka Februari hadi Mei, tumejaza ndoo sita za unga wa mlenda na magunia mawili ya majani ya kunde, nayo yako katika stoo, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mkuu wa Shule ameahidi kwamba Januari ijayo eneo la nyuma ya maabara halitafyekwa mpaka mlenda uliomo uchumwe mara mbili na kuangusha mbegu. Kiranja wa mazingira amekwisha kuliandika katika daftari lake. Ndoo zisifunguliwe kabla ya Septemba, na kila mwezi mtu mmoja atie mkono mkavu ndani kutazama kama kuna unyevu. Mbegu za kunde zimo katika chupa mbili zilizochanganywa na majivu, kwenye rafu ya mwalimu wa kilimo. Paa la chanja linavuja upande wa mashariki, lataka nyasi mpya kabla ya Desemba, na nyasi nzuri hupatikana mwezi wa Juni huu, kabla ng'ombe hawajazimaliza.